Mama Anapopasuliwa: Ongezeko la Upasuaji wa Uzazi na Lugha ya Maelezo

Waswahili husema kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii hupatikana katika vitabu vingi vya methali vinavyotumiwa shuleni, na wanafunzi wengi huikariri bila ya kuwahi kusimama kando ya mwanamke anayeuona uchungu wenyewe. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili katika chuo kikuu kilichoko Njoro alikuwa miongoni mwa hao hadi usiku mmoja wa mwezi Aprili mwaka 2023. Alikuwa katika mwaka wake wa tatu wa masomo, na jioni hiyo alikuwa akijiandaa kwa mtihani mdogo kuhusu kauli za vitenzi. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mama yake.

"Njoo upesi, mwanangu. Dada yako yuko hospitalini tangu asubuhi, na hapa wanaongea Kiingereza na karatasi."

Dada huyo aliishi katika mtaa wa Kaptembwo mjini Nakuru. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini kuelekea Malaba. Mama yao alikuwa ameshuka kutoka Kuresoi juma moja lililotangulia ili amsubiri mjukuu wake wa kwanza. Mwanafunzi alipofika kwa matatu ya mwisho, mvua ya masika ikinyesha, alimkuta mama yake kwenye benchi nje ya wadi ya wazazi, leso imemkaza kichwani. Ndani, muuguzi alikuwa amesimama kando ya kitanda na fomu ya kurasa mbili mkononi. Ilikuwa fomu ya idhini ya upasuaji, nayo iliandikwa kwa Kiingereza kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

Muuguzi huyo hakuwa mkali wala mvivu wa kueleza. Alikuwa peke yake, na vitanda vilikuwa vingi. Alisema kwa ufupi kwamba mtoto amechoka, njia haijafunguka, na daktari ameamua afanyiwe "C.S." Dada aliinua kichwa, akasubiri uchungu umwachilie, kisha akamwambia mdogo wake: "Nisomee. Nataka nijue, nikitia sahihi, ninakubali nini."

Mama, aliyekuwa ameingia nyuma ya bintiye, alidakia: "Mwanangu apasuliwe kama kuni?"

Swali hilo halikuwa la ujinga. Mama huyo alikuwa amezaa watoto saba nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi, kwenye miteremko ya Mau. Katika maisha yake yote alikuwa amemfahamu mwanamke mmoja tu aliyepasuliwa wakati wa kujifungua. Jirani huyo alipelekwa hospitalini akiwa ameshalegea, na hakurejea. Aidha, lugha yenyewe ilimpa mama sababu ya kuogopa. Kitenzi "pasua" katika matumizi ya kila siku huambatana na kuni, mbao na mwamba. Kinapoelekezwa kwenye tumbo la binti, msikilizaji haoni kisu kidogo cha daktari bali huona shoka.

Ili kuelewa kwa nini tukio kama hilo limekuwa la kawaida mjini Nakuru na kote nchini, yafaa kutazama takwimu. Utafiti wa Demografia na Afya nchini Kenya wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 100 waliozaliwa, takriban 4 tu walizaliwa kwa njia ya upasuaji. Katika utafiti wa mwaka 2008 hadi 2009 idadi hiyo ilifika 6. Mwaka 2014 ilikuwa 9, na mwaka 2022 ikawa 17. Kwa maneno mengine, katika muda usiozidi miaka ishirini upasuaji wa uzazi uliongezeka zaidi ya mara nne. Utafiti mwingine uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, na kuchapishwa mwaka 2018, ulibaini kuwa huu ndio upasuaji uliofanywa kwa wingi kuliko wowote: katika kila wagonjwa watatu waliopasuliwa, mmoja alikuwa mama aliyekuwa akijifungua.

Sababu za ongezeko hili ni nyingi. Ya kwanza ni kwamba wanawake wengi zaidi hujifungulia hospitalini. Mwaka 2003 ni asilimia 40 tu ya watoto waliozaliwa katika vituo vya afya nchini. Kufikia mwaka 2022 walikuwa asilimia 82. Tangazo la serikali la Juni 2013, kwamba kujifungua katika hospitali za umma kungekuwa bila malipo, lilichangia mabadiliko hayo, kama ulivyochangia mpango wa Linda Mama uliofuata. Ya pili ni ugatuzi. Kabla ya mwaka 2013, hospitali kuu ya mkoa mjini Nakuru ilikuwa ndiyo kimbilio la wagonjwa wengi waliohitaji kupasuliwa kutoka sehemu za Bonde la Ufa ya kati. Baada ya kuundwa kwa kaunti, huduma ya upasuaji ilianza kusogezwa karibu zaidi na wananchi katika hospitali za kaunti ndogo. Ya tatu ni kwamba upasuaji huzaa upasuaji: mwanamke aliyepasuliwa katika uzazi wa kwanza yumo katika uwezekano mkubwa zaidi wa kupasuliwa katika uzazi wa pili.

Kuna pia sababu ya fedha, ambayo haifai kufumbiwa macho. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ilipanga kuilipa hospitali shilingi 10,000 kwa uzazi wa njia ya kawaida na shilingi 30,000 kwa uzazi wa upasuaji. Upasuaji una gharama zake za kweli: dawa, nyuzi, wataalamu na siku zaidi za kulazwa. Hata hivyo, pengo la shilingi 20,000 ni jambo ambalo mgonjwa ana haki ya kulifahamu anapoambiwa kuwa hakuna njia nyingine.

Je, ongezeko hili ni heri au shari? Jibu haliwezi kuwa neno moja. Mwaka 1985 wataalamu waliokutana Fortaleza, nchini Brazil, chini ya Shirika la Afya Duniani, walisema kuwa hakuna sababu ya nchi yoyote kupita kiwango cha asilimia 10 hadi 15. Mwaka 2015 shirika hilo lilieleza tena kuwa, katika kiwango cha taifa, ongezeko linalopita asilimia 10 halihusiani na kupungua zaidi kwa vifo vya akina mama na watoto wachanga. Kwa kipimo hicho, Kenya imeshavuka. Lakini wastani wa taifa huficha mengi. Mwanamke tajiri wa mjini huweza kupasuliwa bila haja, ilhali mwanamke maskini wa mashambani hukosa upasuaji anapouhitaji, akapoteza mtoto, akabaki na nasuri inayomfanya avuje mkojo na kutengwa na wenzake, au akafa. Fauka ya hayo, upasuaji wenyewe si salama sawasawa kila mahali. Matokeo ya ule utafiti wa nchi 25, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kuwa mama anayejifungua kwa upasuaji barani Afrika alikuwa katika hatari ya kufa takriban mara 50 zaidi ya mwenzake wa nchi tajiri. Kwa hiyo hofu ya mama wa Kuresoi haikukosa msingi. Kilichokosekana ni maelezo ya kuipima hofu hiyo.

Mwanafunzi alianza kutafsiri. Alikutana kwanza na neno la kuzuia maumivu. Akakumbuka msamiati aliofunzwa katika shule ya upili, akasema kwa fahari kidogo: "Atatiwa nusukaputi." Mama alimtazama kana kwamba ametajiwa jina la ugonjwa. Dada naye hakuelewa. Mwanafunzi akarudi nyuma: "Atadungwa sindano mgongoni. Sehemu ya chini itakufa ganzi. Atakuwa macho, atasikia watu wakiongea, lakini hatasikia maumivu." Hapo mama aliitikia kwa kichwa. Ganzi aliijua, alikuwa ameng'olewa jino mjini Molo.

Neno la pili lilikuwa la mji wa mimba, na la tatu la kondo la nyuma. Haya mama aliyajua kuliko binti zake wote wawili, kwa kuwa mkunga aliyemzalisha alikuwa akiyataja. La nne lilikuwa gumu zaidi. Fomu ilieleza kwamba moyo wa mtoto unaonyesha dalili za kulemewa. Muuguzi aliyasema hayo yote kwa maneno mawili, "mtoto amechoka," ambayo ni msemo wa kawaida katika wadi za wazazi. Mama alikuwa ameyasikia, akayachukua jinsi yalivyo: mtoto aliyechoka huachwa apumzike. Kwa nini basi akimbizwe kisuni? Mwanafunzi alimwuliza muuguzi, naye, huku akiandika, akaeleza kwamba moyo wa mtoto tumboni hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika, na kwamba wa mtoto huyu ulikuwa ukishuka chini ya hapo kila uchungu ulipopita, ukikawia kupanda. "Hapati hewa ya kutosha," alisema. Maneno hayo manne yalifanya kazi ambayo kurasa mbili hazikuifanya. Mama aliketi.

Ndipo dada alipouliza swali ambalo halikuwemo katika fomu: "Na mtoto wa pili je? Nitapasuliwa tena?"

Muuguzi aliiweka kalamu chini. Alieleza kwamba si lazima. Wapo wanawake waliopasuliwa mara moja kisha wakazaa kwa njia ya kawaida, iwapo sababu ya kwanza haikurudi na iwapo waliangaliwa kwa makini. Lakini kovu hubaki katika mji wa mimba, na uchungu ukizidi, kovu hilo laweza kupasuka. Kwa hiyo mimba ijayo isije upesi, aanze kliniki mapema, aseme wazi kuwa aliwahi kupasuliwa, na asijaribu kamwe kuzalia nyumbani wala katika zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Kwa familia yenye mizizi Kuresoi, ambako mvua ikinyesha barabara hugeuka tope, hayo hayakuwa maelezo madogo. Yalikuwa ni suala la uhai na kifo lililoahirishwa kwa miaka miwili au mitatu.

Katika saa hiyo mwanafunzi aliona jambo ambalo daftari lake la kauli za vitenzi halikuwa limemwonyesha. Kupasuliwa na kupasuka hutokana na mzizi mmoja. Katika kauli ya kutendwa yupo mtendaji, mwenye ujuzi na nia. Katika kauli ya kutendeka jambo hutokea lenyewe, na hakuna wa kulizuia. Kauli moja huweza kumwokoa mama, nayo nyingine humuua. Msikilizaji asiyeelezwa tofauti hiyo husikia mzizi tu, akaogopa vyote viwili kwa pamoja.

Dada alitia sahihi yake mwenyewe. Mama alikuwa amependekeza asubiriwe mume, lakini muuguzi alifafanua kuwa idhini ni ya mwenye mwili, maadamu ana akili zake timamu. Mtoto, wa kike, alizaliwa kabla ya saa saba za usiku.

Ni makosa kudhani kuwa upasuaji wa uzazi ni jambo geni lililoletwa na meli. Mwaka 1879 Robert Felkin, mmishonari Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia upasuaji wa aina hiyo mahali paitwapo Kahura katika ufalme wa Bunyoro, ambao sasa ni sehemu ya Uganda. Maelezo yake yalichapishwa Edinburgh mwaka 1884. Mganga alimpa mwanamke pombe ya ndizi, akanawa mikono na kulisafisha tumbo kwa pombe hiyo, akapasua, akazuia damu kwa chuma cha moto, kisha akalifunga jeraha kwa vijiti vya chuma na kamba, na kulipaka dawa ya mizizi. Felkin alipoondoka, siku ya kumi na moja, mama na mtoto walikuwa hai, na jeraha lilikuwa limepona. Karibu zaidi na Nakuru, Wagusii walikuwa na mafundi wa kupasua fuvu la kichwa ili kumtibu mtu aliyeumizwa. Bila shaka mafundi hao walikuwa na maneno ya kazi yao, na waliotibiwa waliyaelewa.

Hata jina la kigeni la upasuaji huu lina utata wake. Wengi huamini kuwa linatokana na Julius Caesar, eti alizaliwa kwa kupasuliwa. Lakini Aurelia, mama yake, aliishi miaka mingi baada ya kumzaa, jambo lisiloelekea kutukia katika Roma ya kale, ambako tumbo lilipasuliwa mama akiwa ameshakufa. Wengine hulihusisha jina hilo na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukata. Mjini Nakuru historia hiyo yote imefupishwa kuwa herufi mbili za Kiingereza, na wanawake sokoni husema "nilifanyiwa C.S." bila kujua zinasimamia nini. Herufi hizo hazitishi kama neno "pasua," na pengine ndiyo sababu zimependwa. Lakini hazielezi kitu.

Kinyume chake, Kiswahili kina neno ambalo thamani yake haijatambuliwa vya kutosha: "kujifungua." Kiambishi cha kujirejelea kilichomo ndani yake humfanya mama kuwa mtenda. Yeye ndiye afunguaye. Anayesema "amejifungua kwa upasuaji" humwachia mama kitendo chake, huku akitaja njia iliyotumiwa. Anayesema "hakuzaa kawaida, alipasuliwa" humnyang'anya kitendo hicho, na aghalabu huwa yu karibu kuongeza kwamba wanawake wa siku hizi ni wavivu wa kusukuma. Kejeli hiyo ni ya kawaida katika mitaa na vijiji vya Bonde la Ufa. Wako akina mama ambao huumizwa nayo kuliko mshono.

Sheria haikuyasahau haya. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo na hatari zake kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Kwa hiyo maelezo yanayoeleweka ni haki, si hisani ya muuguzi mwenye moyo mwema. Nakuru, mji uliokua kando ya reli na kutangazwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ni mahali ambapo Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya, Mjaluo na Mkisii hukutana katika Kiswahili sokoni, garini na kanisani. Hakuna sababu ya lugha hiyo kuachwa nje ya mlango wa chumba cha upasuaji.

Hata hivyo, haki hiyo haitatimizwa kwa kubuni istilahi peke yake. Kwa miaka mingi wataalamu wa Kiswahili wamejishughulisha na kuunda maneno, na kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Lakini "nusukaputi" ni neno lililokuwepo tayari, nalo halikumsaidia mama wa Kuresoi. Kilichomsaidia ni sentensi tatu fupi kuhusu sindano, ganzi na kuwa macho. Istilahi huwafaa wanaoandikiana vitabu. Anayelala kitandani huhitaji maelezo. Mwanafunzi wa Kiswahili anayehitimu akijua la kwanza bila la pili amebeba mtungi usio na kata.

Mwanafunzi huyo alikosa mtihani wake mdogo, akaomba radhi kwa mhadhiri wake, akaufanya baadaye. Majuma mawili baada ya tukio lile aliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, akieleza fomu ya idhini husema nini, mama aulize nini kabla ya kutia sahihi, na akumbuke nini katika mimba itakayofuata. Aliupeleka kwa muuguzi yule. Muuguzi alisahihisha mambo matatu ya kitabibu, akafuta neno moja lililokuwa zito, na kuuweka ukurasa huo mfukoni.

Mama alirudi Kuresoi mwezi Juni. Huko hakuwa na ukurasa wowote, kwa kuwa si msomaji. Lakini alikuwa na jirani kijana aliyepasuliwa miaka miwili nyuma, ambaye sasa alikuwa mjamzito tena na aliyekuwa amekusudia kuzalia nyumbani kwa sababu, kama alivyosema, safari hii alijihisi mwenye nguvu. Mama alimketisha jikoni, akamweleza habari za kovu la ndani, na kwamba nguvu za uchungu ndizo zinazoweza kulipasua. Juma lililofuata mwanamke huyo alishuka kwenda kliniki.